Vitufe vya Mkono wa Kushoto

Muscat,
Jumamosi, baada ya alasiri

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza najua umeipokea umenuna. Sikuulizi kama u mzima, kwa sababu nikikuuliza hivyo kwenye simu unanijibu "mzima" kwa sauti ya mtu aliyefungiwa ndani, halafu unampa Bibi simu. Nakuuliza vidogo vidogo. Umelala jana? Umekula, na umekula nini? Yule kijana wa mazoezi ya viungo bado anakuja, au umeshamfukuza kwa ulimi wako? Na kidole gumba cha mkono wa kulia, kile kilichocheza Bibi alipokuwa anakukanda kwa maji ya moto, kimecheza tena?

Mimi huku sijambo, alhamdulillahi. Joto ndilo linalotutesa. Ukitoka nje ni kama mtu amefungua mfuniko wa sufuria usoni kwako. Ofisini baridi ya kiyoyozi, nje moto, na mafua hayanitoki. Lakini nafanya kazi, nakula, naswali, na jioni nawakumbuka.

Barua hii anakuletea Mama Swaumu, yule mama wa Mafiga anayepika katika nyumba ya jirani yangu hapa. Anakuja kula Idi nyumbani. Ndani ya bahasha kuna flashi nyekundu. Isipotee, na mtoto asiichezee. Ningeweza kukutumia ujumbe wa sauti, lakini ujumbe wangu wewe huusikilizi. Nakaa nazitazama zile tiki, hazigeuki bluu hata kidogo. Karatasi huwezi kuizima, dada. Hata ukiitupa uvunguni, Bibi akifagia ataitoa na kukuuliza ni nini.

Ukiona neno limemganda jirani yake, au herufi imerukwa, usinicheke. Nimesahihisha nilipoona. Najua ulinifundisha vizuri kuliko hivi. Ipo sababu, nitakwambia mwishoni.

Sasa tugombane kidogo.

Mama Neema, jirani yako wa dukani anayekaanga chipsi, amenisimulia yote. Usimlaumu, nilimbana mimi. Anasema uliporudi dukani baada ya kile kiharusi, wewe uliyekuwa unachapa bila kutazama vidole, uliketi na yule mwanafunzi wa Mazimbu ukamchapia ukurasa mmoja wa ripoti yake kwa kidole kimoja cha kushoto. Ulichelewa lakini uliumaliza. Ukaprinti. Ukauchukua ukurasa ili umpe, na mkono wa kulia haukuinuka. Ukabaki umeushikilia kwa kushoto. Mtoto wa watu akanyoosha mkono apokee, wewe ukaurudisha nyuma. Mwishowe ukauweka mezani, ukamgeuzia mgongo, na alipoondoka ukavua kanga mabegani ukaifunika kompyuta. Mama Neema anasema aliacha chipsi zake kwenye mafuta akaja kukushika bega, ukamwambia, "Mkono wa kushoto ndio niwape watu riziki yao? Mimi basi."

Tangu siku hiyo mlango wa steshenari umefungwa. Na sasa nasikia yupo mtu wa Msamvu, baada ya Idi atakuja kuchukua kompyuta na printa, na wewe utapanda mlimani Kinole, nyumbani kwa Bibi, ukakae.

Ukakae! Wewe? Wewe ambaye hata mgonjwa ukienda kumtazama unamfagilia ua? Ukikaa wiki moja kule Kinole bila kazi utaanza kuwapanga kuku kwa alfabeti.

Nilipokuuliza kwenye simu ukaniletea methali. "Mkono mmoja haulei mwana, Zena." Halafu, kama vile hiyo haikutosha, "Kidole kimoja hakivunji chawa." Dada, nani amekuomba uvunje chawa? Watu wanataka kuchapiwa barua za kazi. Shemeji Rajabu naye, maskini, akajaribu kukutia moyo, akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na nasikia ulimrushia mto. Mwambie nampa pole. Lakini koleo alilisema sawa.

Nakuandikia kwa sababu sitaki yule mtu wa Msamvu aikute kompyuta imefunikwa. Hilo ndilo ombi langu lote. Mengine yatakayofuata ni ya kukushawishi tu.

Unajua Morogoro wanaiita mji kasoro bahari. Basi mimi huku bahari ninayo, kasoro kila kitu kingine. Milima ipo pia, naiona dirishani hapa nilipo, lakini ni mawe matupu, ya kahawia, hayana hata kichaka cha kujificha sungura. Siku za mwanzo nilikuwa nikiitazama naona huruma, nasema jamani, hii nani kaivua nguo? Milima yetu ukiitazama asubuhi pale Kilakala imejifunika ukungu mpaka kiunoni, na huko juu unasikia maji yanateremka bila kuyaona. Huku maji nayasikia kwenye bomba tu.

Kitu kimoja ndicho kinachonirudisha nyumbani kila siku, nacho ni kahawa. Watu wa huku wanaipika na hiliki. Mzee mmoja anazungusha birika ofisini asubuhi, na harufu ile ikinifikia mimi siko Muscat tena. Niko Kinole, kwenye ua wa Bibi, mkeka umetandazwa, hiliki zinakauka juani, na wewe unanifukuza nisizikanyage. Juu ya paa kuna mvua inajiandaa. Bibi anaita, "Anueni! Anueni!" na sote tunakimbia, kila mtu kashika ncha yake ya mkeka. Siku nyingine macho yanalowa, na mzee wa kahawa anadhani ni moto wa birika.

Lakini ua ule una jambo jingine, na leo nalisema.

Mimi nilizaliwa na shoto. Wewe unajua, ila nadhani umesahau ilivyokuwa, kwa sababu wakati ule ulikuwa umeshashuka mjini kutafuta maisha, mimi nikabaki na Bibi. Sahani ya ugali ikiwekwa, mkono wangu wa kushoto ulikuwa wa kwanza kufika. Na Bibi naye alikuwa wa kwanza kuuona. "Mkono wa chooni huo! Ukalie!" Basi nilikula nimeukalia. Wali wa Maulidi nimeukalia. Ndizi za kuchemsha nimeukalia. Nikisimama umekufa ganzi, vidole vinawaka kama vimevamiwa na siafu. Bibi hakuwa mkatili, Mungu anajua. Alikuwa anaogopa. Aliniambia siku moja huku ananipaka mafuta kichwani, "Mjukuu wangu, ukienda kwa watu ukawapa kitu kwa kushoto, watasema huyu hakulelewa. Watanisema mimi." Nikamhurumia. Nikazoea. Ukafika wakati hakuna haja ya kuniambia, nikiketi tu mkono unakwenda wenyewe chini ya paja.

Ndivyo nilivyokuja kwako baada ya kumaliza shule. Steshenari yako ilikuwa ndogo vile, meza moja, kompyuta moja ile nzito yenye mgongo, na harufu ya tona na vumbi la barabara. Ukaniketisha. Ukaniambia nichape jina langu. Nikalitafuta herufi kwa herufi kwa kidole cha kulia, najiona nimefika mbali. Ukanitazama.

"Mkono mwingine uko wapi?"

"Nimeukalia."

"Nani kakwambia uukalie?"

"Bibi."

"Bibi yuko Kinole. Utoe."

Nikautoa. Ulikuwa umebaki na alama za mbao za kile kiti. Ukauchukua ukaufikicha mpaka ukapata damu, kisha ukaweka vidole vyangu kimoja kimoja, A, S, D, F, kama mtu anayepanga vikombe kwenye trei. Ukasema neno ambalo sijalisahau na sitalisahau: "Hapa hakuna mkono wa chooni, Zena. Hapa vidole kumi, na vyote vinakula."

Halafu ukavua kanga mabegani ukaifunika mikono yangu nisitazame vitufe. Nikakulilia kwamba sioni. Ukasema, "Huna haja ya kuona. Vidole vina akili zao." Wiki ile nilichapa matakataka matupu chini ya kanga yako. Iliyofuata yakaanza kuwa maneno. Na unajua nini kilitokea? Mkono wa kushoto ndio uliojifunza haraka. Wa kulia ulikuwa unajikwaa, wa kushoto unakwenda kama umefunguliwa kamba. Niliona haya kufurahi, lakini moyoni nilikuwa nacheka.

Kanga ile ndiyo uliyoifunika kompyuta, sivyo? Mama Neema kanitajia rangi yake nikaijua. Ile ya zambarau, maandishi yake yamefifia hayasomeki. Nikakata simu nikaenda kukaa bafuni.

Na kelele zako je! "Hifadhi!" Umeme wa siku zile ulikuwa unakatika bila hodi. Mwanafunzi kaleta ripoti yake kwa mwandiko wa kuku, tumekaa kutwa tunachapa, mara puu, giza, na kazi imeondoka. Ukaapa haitatokea tena. Kila baada ya sentensi ulikuwa unaniita kama mwadhini, "Hifadhi!" na mimi kidole kidogo kwenye Ctrl, kingine kwenye S. Nikipiga chafya, hifadhi. Mteja akiingia, hifadhi. Wateja wakawa wanatucheka, Mama Neema naye kule kwenye chipsi anaitikia, "Wamehifadhi!" Mpaka leo nahifadhi hata kazi ambayo sijaianza.

Tabia hiyo imeniponza huku, nikusimulie ucheke.

Kazi yangu unaijua, ni kuchapa barua za kampuni ya vifaa vya ujenzi. Maneno ni yale yale kila siku: saruji, nondo, bei, tarehe ya kufikisha mzigo. Dada mmoja Mhindi, wa Kerala, tunayekaa naye meza moja, Latha, akaniona nachapa barua moja mara kumi, akasema mbona unajichosha, rekodi makro. Nikamuuliza makro ni mdudu gani. Akanionyesha. Dada, ni kama kumfundisha mtoto kazi ya nyumbani. Unaiambia programu ya kuandikia, "Nitazame." Unafanya kazi yako, inatazama. Ukimaliza unaiambia, "Haya, basi." Kuanzia hapo ukibonyeza vitufe viwili ulivyovichagua, inarudia yote yenyewe, neno kwa neno, bila kuchoka wala kununa.

Nikaipenda. Makro yangu ya kwanza nikataka iwe ya salamu, maana barua za huku hazianzi bila salamu ndefu, na mimi mtoto wa Kinole nani atanifundisha salamu? Mashine ikaniuliza iziweke kwenye kitufe gani. Nikawaza, S kwa salamu. Ctrl na S. Ikanionya kwamba vitufe hivyo tayari vina kazi nyingine. Nikasema kazi gani, salamu kwanza! Nikakubali.

Weeh! Siku ile nachapa hati ya bei ya mradi mkubwa. Wewe ndiye uliyenifundisha, kila sentensi hifadhi. Kila nikihifadhi, salamu. Nondo, assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Saruji, assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Na mimi sitazami kioo, natazama karatasi ninayonakili, kama ulivyonifundisha. Nikaprinti nikampelekea bosi. Bwana Nasser ni mtu mzima, kazaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu kuliko chetu. Akavaa miwani. Akasoma. Akaivua. "Mwanangu Zena," akasema, "hii hati ya saruji au hotuba ya Ijumaa?" Halafu akaitikia salamu zote, moja moja, kidole juu ya karatasi. Nilitamani ardhi inimeze. Latha alicheka mpaka akapaliwa.

Nikarudi kuifuta ile makro, nimrudishie S kazi yake. Na hapo, dada, nikiwa nimeketi vidole viko juu ya Ctrl na S, ndipo nilipoiona mikono yangu. Nikatazama vizuri. Kuhifadhi, mkono wa kushoto. Nikajaribu kunakili, Ctrl na C, kushoto. Kubandika, V, kushoto. Kukata, X, kushoto. Kutendua ulichokosea, Z, kushoto! Kila kitu cha kuokoa kazi kiko upande ule. Waliotengeneza hiki kibodi hawakutuwaza sisi wala Bibi, lakini riziki yote wameiweka mkono wa kushoto, na sisi miaka yote tumekaa juu yake hatujui.

Hiyo ilikuwa siku chache baada ya Mama Neema kunipigia. Nikaanza kazi.

Ndani ya flashi kuna faili moja. Nimeipa jina lako. Ukiifungua utaona utepe wa njano unakuuliza kama unaruhusu makro. Ruhusu. Lakini ruhusu hii yangu tu, flashi za wanafunzi usiziruhusu kitu, virusi vyao vinatosha kuangusha mji. Humo nimeziweka kazi zako zote ninazozikumbuka, na kila moja inaitika kwa vitufe vilivyo upande wa kushoto: kidole gumba kwenye Alt, kingine kwenye herufi. Alt na B ni barua ya maombi ya kazi. Bonyeza uone, inajiandika kuanzia anwani na S.L.P. mpaka "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu," wewe unajaza jina la mwombaji na kazi anayoitaka. Alt na T ni jalada la ripoti ya mwanafunzi, katikati ya ukurasa, herufi nene, kama chuo kinavyotaka. D inapanga kurasa zote, pembeni nafasi, kati ya mistari nafasi mbili. W ni muhtasari wa kikao kwa akina mama wa kikoba, maana wale agenda zao hazibadiliki, kufungua, yatokanayo, na ugomvi. G ni mkataba wa kuuziana kiwanja, na mashahidi nimewaachia mistari.

Sikudanganyi. Maneno ya katikati bado utayachapa mwenyewe, na herufi za kulia, M na L na wenzao, zitakuwa safari. Mkono wa kushoto utavuka uende uzifuate, urudi. Mwanzoni utatukana. Lakini jiulize, katika kazi ya kutwa nzima ni maneno mangapi mapya? Mengi ni yale yale. Hayo ya zamani iachie mashine, mapya uyafuate wewe polepole.

Na utajifunza kurekodi za kwako. Juu kabisa palipoandikwa View, mwisho wa mstari, utaona Macros. Chini yake chagua kurekodi. Ipe jina lisilo na nafasi katikati. Kisha bofya penye picha ya kibodi, bonyeza vitufe unavyovitaka, ithibitishe, na anza kazi. Mausi usiitumie kuchagulia maandishi, hapo makro inakuwa kipofu, inaona vitufe tu. Ukimaliza, rudi pale pale usimamishe kurekodi. Jihadhari na kitu kimoja, inarekodi na makosa yako. Ukikosea ukafuta, basi milele itakosea kwanza halafu ijisahihishe, kama shemeji Rajabu akisimulia habari. Mojawapo ya zangu iko hivyo, nimeiacha makusudi. Utaijua.

Na S usimguse. Umenisikia? S ni wa kuhifadhi.

Lililobaki ni lile la kumpa mtu karatasi. Nimelifikiria sana. Unaweza kuweka sinia mezani, karatasi ikitoka printa unaiweka humo, mteja anachukua mwenyewe. Mabenki huku wanafanya hivyo na hakuna anayesema hakulelewa. Lakini mimi sipendi sinia. Mimi naona umpe mtu mkononi. Sema, "Samahani, nakupa kwa kushoto." Atajibu nini zaidi ya "hamna neno"? Watu wa Morogoro nawajua. Yule mwanafunzi, Mama Neema anasema, alirudi mara mbili kuuliza kama umefungua. Hakuudhika na mkono wako, dada. Alikuwa anataka ripoti yake ichapwe na wewe.

Mkono wa kulia fanya nao mazoezi, usiukatie tamaa. Ukirudi tutaupokea kwa vigelegele. Lakini tusiusubiri na mlango umefungwa.

Nisalimie shemeji Rajabu, mume mvumilivu kuliko wote wa Kilakala. Mwambie ampe yule mtu wa Msamvu chai, amshukuru, amuage. Tatu mwanao mpe busu la shavu, na asome, asijifiche nyuma ya ugonjwa wako kukwepa hesabu. Mama Neema, jirani na mtani wangu, mwambie bado namdai ile sahani ya chipsi yenye kachumbari nyingi. Mjomba Kibwana akishuka na ndizi zake kutoka mlimani, mwambie shikamoo yake iko pale pale, na asiwauzie ninyi kwa bei ya mjini.

Na Bibi. Msomee Bibi barua hii yote, usimrukie ile sehemu ya kwake. Mwambie simlaumu, mkono alionifundisha kuuficha nimeutoa na dunia haijaanguka. Nimesikia yeye ndiye anayekulisha sasa, na kwamba ulipokataa kushika kijiko kwa kushoto akakishika yeye. Muulize, kwa niaba yangu, kama angekuruhusu. Nadhani atakuwekea kijiko mkononi yeye mwenyewe. Kama hatafanya hivyo nipigie nizungumze naye mimi.

Alt na Z nimeiacha tupu. Hiyo urekodi wewe, kitu chochote, unitumie kwa baruapepe nikibonyeze huku nikione. Hata kama ni tusi.

Sasa ile sababu niliyokuahidi. Kila makro iliyomo humo nimeijaribu mwenyewe kama utakavyoitumia wewe, usije ukaniambia, "Zena, una mikono miwili, unajua nini?" Na barua hii nayo, tangu shikamoo ya kwanza mpaka hapa, nimeichapa kwa mkono wa kushoto peke yake. Salamu sikuzirekodi, zimekwenda herufi kwa herufi. Nilianza jana baada ya swala ya Ijumaa, ofisi imefungwa, Bwana Nasser kaniachia ufunguo. Leo alipita kuchukua miwani yake akanikuta, akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia sijaumia, ninamwandikia dada yangu.

Inawezekana, Mwanahawa. Ni polepole, lakini inawezekana, ushahidi umeushika. Iondoe kanga.

Shida yangu kubwa ilikuwa mkono wa kulia. Una kiherehere, kila neno unataka kuja kusaidia. Ikabidi niukalie.

Mdogo wako uliyemtoa mkono chini ya paja,
Zena